Kioo cha milimita 10 hakitoshi kila tangi la samaki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kurasa za nyumba na makazi, ile ya kununua tangi kubwa la samaki, nimeisoma mwanzo hadi mwisho, nikamsomea na mume wangu ambaye samaki anamfahamu akiwa kwenye sahani tu. Mambo ya taa, mawe na mimea mwandishi wenu kayaeleza vizuri. Alipofika kwenye kuchagua mtengenezaji, ndipo nilipoweka miwani sawasawa nikarudia kusoma. Kasema mtu asijisumbue, anunue tangi lenye jina la Ulaya basi, kwa kuwa ya mafundi wetu hupasuka. Kisha kaongeza kwamba kioo cha milimita 10 kinatosha tangi lolote la nyumbani. La kwanza tunaweza kubishana kwenye kahawa. La pili litamwagia mtu maji sebuleni usiku wa manane, na ndilo lililonikalisha kitako kuandika barua hii.

Mimi nakaa Chumbageni, hapa Tanga. Kabla ya kustaafu nilikuwa wakala wa forodha. Mizigo ya watu nimeitoa bandarini na mingine mpakani Horohoro, na vioo vimepita mikononi mwangu vya kila namna: vya madirisha, vya makabati ya maduka, na matangi ya samaki ya watu wenye nafasi zao. Nimeshuhudia kreti ikifunguliwa na mwenye mali akashika kichwa. Nilipostaafu nikasema sasa na mimi nifuge, tena nifuge samaki wa kwetu: frontosa wa Ziwa Tanganyika, wale wenye milia ya giza na nundu kichwani. Wajerumani wanawafuga sebuleni kwao miaka mingi, sisi wenye ziwa tunawaona kwenye picha. Frontosa akikomaa anapita sentimita 30, kwa hiyo hawekwi kwenye kibeseni. Nilihitaji tangi la sentimita 180 kwenda mbele, na hapo ndipo unapoanza kujua mtengenezaji ni nani.

Njia zilikuwa tatu. Duka moja la Dar es Salaam lilikuwa na tangi la Kijerumani, seti nzima pamoja na kabati lake. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alikuwa ameleta ya China kupitia Mombasa. Na palikuwa na fundi wa vioo na alumini Ngamiani, hapahapa Tanga, kijana aliyenitengenezea madirisha, ambaye nilisikia amekwishafanya matangi ya hoteli.

Majina yenyewe si ya uongo, nisieleweke vibaya. Eheim ya Ujerumani ipo tangu 1949 na sifa yake kubwa ni filta. Juwel, ya Ujerumani pia, inauza tangi, kabati, taa na filta kwa pamoja, umefika nyumbani umeunganisha. Fluval ni jina la kampuni ya Hagen ya Kanada. Boyu, Resun na Sobo ni za China, na bidhaa zao ndizo nyepesi kuzipata ukanda wetu huu. Sina ugomvi na hata mmoja. Ninachokataa ni msomaji kuambiwa kwamba akishajua jina hana haja ya kuuliza kitu kingine.

Maana mtengenezaji wa Ulaya anamtengenezea mtu wa Ulaya. Nyumba ya huyo mtu ni baridi, basi seti inakuja na hita. Mimi Tanga hita ya nini? Kuanzia Januari hadi Machi maji yakikaa tu kwenye pipa ndani ya nyumba yanapita nyuzi 29, na frontosa anataka 25 au 26 hivi. Kazi yangu ni kupooza, si kupasha. Mfuniko wa seti umeziba vizuri ili joto lisitoroke. Mimi nataka juu pawe wazi, feni ndogo ipulize usoni mwa maji, yatoke mvuke, yapoe. Nitaongeza ndoo ya maji kila baada ya muda, si tabu. Kabati la seti aghalabu ni la chibodi au MDF iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Nchi za hewa kavu linadumu. Hapa kwetu, hewa ya chumvi na maji yanayodondoka kila ukisafisha, chibodi ikishakunywa maji huvimba, na juu yake kuna karibu kilo 800 zinazosubiri.

Kilo 800 sizitoi hewani. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, ukitoa unene wa vioo na sehemu ya juu usiyoijaza, linabaki na lita 560 hivi za maji, na lita moja ni kilo moja. Vioo vyenyewe vya milimita 12 vina karibu kilo 120. Weka mchanga na mawe, hesabu umeshaifika. Ndiyo maana aliye na nyumba ya zamani ya ghorofa, zile za mawe na boriti za mikoko, namwomba tangi lake alitafutie mahali chini.

Kuna na suala la plagi. Seti ya Ulaya ina plagi ya miguu miwili ya duara, soketi zetu ni za pini tatu bapa, na adapta za bei rahisi hupata moto zikichomekwa usiku na mchana. Anayefikiria kuagiza Marekani ndiyo kabisa, pampu zao ni za volti 120 na umeme wetu ni 230.

Sasa nauli, jambo ambalo makala haikuligusa kabisa na mimi ndilo nililokula nalo ugali miaka yote. Meli haikutozi kwa uzito wa tangi tupu, inakutoza kwa nafasi linayokula, kwa mita za ujazo, ndizo tunazoziita CBM. Tangi la vipimo nilivyotaja peke yake linakula karibu theluthi mbili za CBM. Lizungushie sponji, lifungie kreti ya mbao, umeikaribia CBM moja. Na ndani ya kreti hiyo hamna kitu. Unasafirisha hewa ya huko kuileta huku. Halafu forodha haikadirii ushuru kwa bei ya tangi pekee, inajumlisha bei, bima na nauli, ndipo inapiga ushuru, na VAT ya asilimia 18 inapanda juu ya jumla hiyo. Kwa hiyo ile hewa uliyoilipia nauli umeilipia na kodi. Pampu ni kitu kingine, inaingia kwenye katoni ndogo na nauli yake haionekani. Tangi tupu ndilo bidhaa mbaya kuliko zote kusafirisha: kubwa, tupu, na linavunjika. Kioo kinataka kusafiri kimesimama, kikilazwa na kuwekewa mzigo juu kinapasuka, na wapakuaji hawasomi mshale ulioandikwa kwenye kreti. Pembe ikimeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, ufa wa baadaye umeshapata pa kuanzia.

Duka la Dar nililipigia simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake, sina la kulaumu. Nikamuuliza unene wa kioo. Akanijibu, "Mama, hili ni la Ujerumani." Nikamwambia Ujerumani naijua ilipo, nauliza unene. Akaenda kuuliza, akarudi na milimita 12. Nikasema vizuri, niandikie hiyo 12 kwenye risiti. Akasema mashine ya EFD haina sehemu ya kuandika hayo. Waranti je? Ipo, ya kiwandani. Maungio yakivuja nikiwa Tanga, nani atakuja kuliona? Hapo akaniambia nilirudishe dukani. Kilo 120 za kioo, Mhariri, nizipakie kwenye basi la Dar.

Waranti nyingi za matangi zina masharti yake, na mnunuzi ayasome kabla hajatoa hela: tangi liwe juu ya kabati la mtengenezaji yuleyule, kabati liwe limepimwa kwa pimamaji, risiti iwepo. Pia aangalie wanalipa nini. Kwa kawaida ni tangi. Zulia, televisheni na samaki ni vyako.

Kwa yule aliyeleta kupitia Mombasa nilikwenda mwenyewe, na nilikwenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ya shemeji yangu ambaye ni fundi mitambo. Tangi lilikuwa zuri machoni, kioo cha mbele kimekunjwa kwenye pembe kisionyeshe maungio. Karatasi iliyobandikwa ilisema milimita 12. Nikainua kipande cha plastiki kilichofunika ukingo wa juu, nikabana kalipa. Kumi. Nikapima upande wa pili, kumi vilevile. Mwenye duka akasema labda kalipa yako, mama. Tukapima kioo cha meza yake ambacho alikinunua kama cha 6, kikatoka 6. Tukacheka wote, lakini hela yangu ilibaki kwenye pochi. Simtaji yeye wala aliyetengeneza, kwa sababu sijui karatasi ile ilibandikwa na nani na wapi. Mfuniko wa plastiki kwenye ukingo wa tangi una kazi yake nzuri ya kukaza, ila ndiyo pia sehemu pa kufichia unene. Mnunuzi aombe uinuliwe. Anayekataa ameshakujibu.

Sasa hesabu, hapo ndipo ninapokosana na makala. Maji yanasukuma kioo kulingana na kina chake, hayajali tangi lina upana gani. Nyuma ya kioo pawe na shubiri moja ya maji au bahari yote ya Raskazone, kina kikiwa kilekile msukumo ni uleule. Kupata mzigo unaokilemea kioo cha mbele tangi likijaa, chukua nusu ya kina, zidisha kwa urefu, zidisha kwa kimo. Tangi langu: 30 mara 180 mara 60, inatoka gramu 324,000, yaani kilo 324. Lipunguze kimo liwe 45, mzigo ni kilo 182. Lipandishe liwe 75, mzigo ni kilo 506. Angalieni vizuri: kutoka 60 kwenda 75 umeongeza robo ya kimo, mzigo umezidi kwa zaidi ya nusu. Anayewaambia wasomaji kwamba unene mmoja unatosha matangi yote haya matatu hajakaa na kalamu.

Na unene wenyewe hauhesabiwi kwa kujumlisha. Nguvu ya kioo kustahimili kupinda huenda kwa mraba: 12 mara 12 ni 144, 10 mara 10 ni 100. Milimita 2 zinazoonekana si kitu zimeondoka na karibu theluthi ya nguvu. Wanaotengeneza kwa makini huacha akiba ya usalama, na kipimo kinachotumika sana ni 3.8, maana yake kioo kiwe na uwezo wa kubeba karibu mara nne ya mzigo wake. Kwa kipimo hicho, tangi la urefu wa 180 na kimo cha 60 lisilo na mikanda juu linataka kioo kinachozidi kidogo milimita 12. Ndiyo sababu wanaoweka 12 hukaza ukingo wa juu kwa mikanda ya kioo, na wanaotaka juu pawe peupe huweka 15. Kimo cha 75 kinakupeleka kwenye 15 yenye mikanda, au 19. Kioo cha 10 kwenye kimo hicho kinaweza kusimama mwezi, kinaweza kusimama mwaka. Akiba yake ni ndogo mno kwa nyumba yenye mtoto anayeendesha gari la plastiki.

Fundi wa Ngamiani nilimfuata mara ya mwisho, na nilimfuata na mchoro wa kimo cha 75, kwa sababu frontosa ni samaki wa kina na nilitaka awe na pa kupandia na kushukia. Akaniamkia, nikamwitikia, akauangalia mchoro kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mama, hiki kimo sikutengenezei."

"Kwa nini, baba? Hela si yangu?"

"Hela yako, tangi langu. Kioo cha 19 sina, na cha 15 kwa kimo hiki moyo wangu hautulii. Halafu mama, huko chini utasafishaje? Utaingia mwenyewe?"

Nikanyoosha mkono pembeni ya ubao wake wa kupimia, kwapa kwenye 75. Vidole havikufika chini. Tukakubaliana 60, na urefu na upana vikabaki kama nilivyotaka, kwa sababu frontosa anahitaji zaidi mahali pa kuogelea kwenda mbele kuliko kwenda juu. Mtengenezaji aliyekataa kuuza ndiye niliyempa kazi. Kwenye kauntabuku lake akaniandikia unene wa kila kioo, aina ya silikoni, siku ya kuunganisha na siku ya kujaza maji, akasaini, nikasaini. Nakala ninayo. Gharama yote haikufika nusu ya ile ya Dar, nauli ikiwa bado haijatajwa.

Nilikwenda kumwangalia siku ya kuunganisha, na hapa naomba nafasi kidogo kwa sababu tangi kubwa ama linaponea ama linafia kwenye maungio. Kingo zote zilikuwa zimepigwa msasa, ukipitisha kidole hazikati. Alizifuta kwa spiriti na kitambaa cheupe, akageuza kitambaa, akafuta tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Hakuzigusa tena kwa mkono. Pembeni mwa kila ungio akabandika utepe wa karatasi wenye gundi. Kati ya kioo na kioo akaweka vijiti vya kuchokonolea meno, ili kioo kisije kikaikamua silikoni yote ikatoka ukabaki utando tu, kisha ilipoanza kushika akavitoa. Silikoni yenyewe ilinuka siki, kama inavyopasa. Alinionyesha na ya aina nyingine, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, akasema hiyo wengi wanaitumia kwa kuwa ipo kila duka la vifaa, na dawa yake ndiyo inayowadhuru samaki. Alikamua bunduki toka pembe hadi pembe bila kupumzika, akalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Akawasha tochi ya simu, akamulika ungio kwa upande kutafuta mapovu. Sehemu moja aliona povu linalovuka toka ukingo mmoja hadi wa pili. Alikata ungio lote kwa wembe, akakwangua, akaanza upya, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu. Kiraka kwenye tangi kubwa hakuna.

Tangi likakaa zaidi ya wiki bila tone. Kisha akalijaza hapo hapo uani kwake, chini ametandaza magazeti, kwa sababu gazeti likidondokewa linaonyesha hata tone moja. Moja lilikuwa lenu.

Kwa hiyo mwandishi wenu anaposema matangi ya mafundi wetu hupasuka, namwambia ndiyo, mengine hupasuka, na sababu zake si siri. Fundi amechukua kioo cha dirisha kilichobaki. Ametumia silikoni ya bafuni. Mteja amekuwa na haraka, tangi limejazwa kesho yake. Stendi imechomelewa kwa macho, mguu mmoja umeinuka, na kioo cha chini kinabeba mzigo kwa pembe moja. Hakuna hata sababu moja hapo inayotokana na kuzaliwa Ngamiani. Tangi la Ulaya ukiliweka juu ya stendi iliyopinda litapasuka kwa lafudhi yake. Kioo sasa tunacho hata cha hapahapa, kiwanda cha Mkuranga mkoani Pwani kilizinduliwa 2023.

Stendi yangu ni ya skwea paipu, imepakwa redoksaidi ya kuzuia kutu na rangi mbili juu, imepimwa kwa pimamaji urefu na upana. Juu ya stendi kuna ubao, juu ya ubao sponji nyembamba, ndipo tangi. Hapa pana tofauti nyingine kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na nimeona wauzaji wakiikosea. Tangi la kioo kitupu lisilo na fremu chini linataka sponji hiyo, ili punje ya mchanga isije ikasukuma kioo. Matangi ya Juwel yana fremu ya plastiki chini na hukaa moja kwa moja juu ya kabati, bila sponji. Ukiweka sponji chini ya fremu, inaweza kupanda katikati ikasukuma kioo cha chini. Muulize muuzaji wako swali hilo moja kabla hujafika kwenye bei.

Anayetaka tangi litobolewe ili maji yashuke kwenye filta ya chini, aseme kabla halijaunganishwa, na ahakikishe kioo kinachotobolewa si cha tempa. Kioo cha tempa kikishachomwa kiwandani hakitobolewi tena, ukiweka keekee kinasambaratika chote. Kukitambua, vaa miwani ya jua ile ya polaroidi, weka simu yenye skrini nyeupe nyuma ya kioo, utaona mabaka mabaka. Kioo cha kawaida hakina.

Kuna wanaosifia akriliki. Ni nyepesi, haifiki nusu ya uzito wa kioo, na ni ngumu kuvunjika. Ila inachunika. Mwenye kukwangua mwani wa kijani kila wiki, punje moja ya mchanga ikinasa kwenye sponji yake, ameshachora mstari. Inang'arishwa, lakini hapa Tanga sijampata wa kuing'arisha tangi likiwa na maji.

Kwenye filta nimenunua jina, tena bila kubishana na mtu. Filta ni mashine, inataka mpira wake, inataka propela yake, na ikifa nataka kipuri kinachoingia. Nimechukua Eheim, nikabadilisha plagi. Nimeongeza pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme ukikatika, maana filta ikilala saa kadhaa vijidudu vinavyosafisha maji ndani yake huanza kufa, na ukiiwasha inarudishia samaki uchafu. Maji ya bomba yetu, ya bwawa la Mabayani, nayaweka kwanza kwenye pipa, nayatoa klorini, na wakati wa mvua kubwa nasubiri yatulie rangi.

Na wageni wanaokuja kutazama, naomba niwajibu hapa wote kwa mkupuo: hapana, silikanti, yule samaki wa kale wa bahari yetu, hafugwi nyumbani. Tuna hifadhi ya bahari kwa jina lake tangu 2009, yeye anakaa kwenye kina cha giza na baridi, na sheria za kimataifa zinamlinda. Waacheni wazee wapumzike.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Chapeni masahihisho ya ile milimita 10, kwa herufi za ukubwa uleule wa makala, na mweke kimo pembeni ya unene, maana kimoja bila kingine hakimwambii mtu kitu. Mkiandika tena kuhusu watengenezaji, waulizeni wote maswali mawili, wa Ulaya, wa China na wa Ngamiani: unene gani kwa kimo gani, na nani atakuja likivuja. Majibu yao yachapeni kama yalivyo, na asiyejibu mwandike hakujibu. Na ikiwa mwandishi wenu mwenyewe ana tangi la milimita 10 lenye kimo cha 75 pale nyumbani kwake, tafadhali mwambieni alipunguze maji leo hii mpaka nusu, samaki watamvumilia, kisha ampigie fundi.

Mama Zuhura,
Chumbageni, Tanga